Kabla ya Peter Mkuu: tiba na mitishamba katika Urusi na Ulaya ya kale

Msomaji mmoja anayesomea famasia ameuliza: "Mwalimu, katika somo la historia ya fani yetu tumefundishwa kwamba Warusi hawakuwa na tiba ya maana mpaka mfalme wao Peter Mkuu alipowaleta madaktari kutoka Ulaya Magharibi, na kwamba Ulaya yenyewe ilipata elimu ya mitishamba katika bustani za watawa. Je, ni kweli? Kabla ya hapo watu walikuwa wakijitibu kwa nini, na vitabu vya kale vya mitishamba vya Kirusi vilitoka wapi?"

Ndugu msomaji, kauli uliyofundishwa imechanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Kuna tiba iliyo kazi ya mikono, yaani ujuzi wa mtu anayefahamu jani gani lichemshwe, mzizi gani utwangwe na jeraha lifungwe namna gani. Na kuna tiba iliyo elimu ya kitabuni, yenye nadharia zake, majina yake ya Kigiriki na Kilatini, na walimu wenye shahada. Ni kweli kwamba hii ya pili ilichelewa sana kufika Urusi. Lakini ile ya kwanza inaonekana tangu maandishi yao ya mwanzo kabisa, na anayetaka kuiona asiitafute katika vitabu vya tiba, bali katika sheria, katika miongozo ya kitubio na katika mashtaka ya uchawi.

Nianze na sheria. Dola ya Rus, iliyokuwa na makao yake Kyiv, na ambayo Waukraine, Warusi na Wabelarusi wote huihesabu kuwa chimbuko lao, ilipokea Ukristo kutoka Constantinople mwaka 988. Katika karne ya 11 watawala wake waliandikisha mkusanyo wa sheria unaoitwa Russkaya Pravda, na mojawapo ya vifungu vyake vya mwanzo inamhusu mtu aliyepigwa mpaka akatoka damu au akapata michubuko. Mtu huyo hahitaji shahidi, kwa kuwa mwili wake unamshuhudia. Na asipoweza kulipiza kisasi, hulipwa grivna 3, fedha ya wakati huo, kwa dhuluma aliyotendewa, na juu yake ujira wa mganga. Maneno hayo ya mwisho ni machache, lakini naomba uyatazame vizuri. Sheria haikuona haja ya kueleza mganga ni nani, kwa sababu kila aliyesomewa sheria hiyo alimjua. Ni mtu wa kulipwa, kazi yake inatambulika, na gharama yake inaingia katika fidia kama vile leo risiti ya hospitali inavyoambatanishwa na madai ya ajali ya barabarani. Hapo Peter Mkuu alikuwa bado hajazaliwa kwa karne sita.

Kanisa nalo lilikuwa na la kusema, na kauli yake ilikuwa ya pande mbili. Waraka wa kikanisa unaohusishwa na Vladimir, mtawala aliyeupokea Ukristo huo, ambao nakala zilizotufikia ni za baadaye, unamtaja mganga miongoni mwa watu walio chini ya mamlaka ya askofu, pamoja na wajane, vipofu na viwete. Waraka huohuo unataja utengenezaji wa dawa za majani, sambamba na ulozi na uaguzi, kuwa kosa la kuhukumiwa na kanisa. Mganga aliyekubalika na mganga aliyeshtakiwa walitumia mimea ileile. Kilichowatofautisha ni nani aliyewasimamia. Katika karne ya 12, mtawa wa Novgorod aliyeitwa Kirik aliandika maswali aliyowauliza wakuu wake wa kanisa pamoja na majibu yao, na mojawapo linahusu kina mama wanaowapeleka watoto wao wagonjwa kwa waganga wa jadi badala ya kwenda kuombewa na padri. Jibu lilikuwa kitubio cha wiki sita, kikipunguzwa kuwa tatu kama mama ni kijana. Swali la namna hiyo huulizwa pale tu jambo lenyewe linapotendeka mara kwa mara, hivyo toba ya hao kina mama inatuthibitishia kuwa huduma ilikuwapo na ilikuwa na wateja.

Aliye maarufu zaidi kati ya waganga wa kipindi hicho ni Agapit, mtawa wa Monasteri ya Mapango ya Kyiv aliyefariki yapata mwaka 1095, na aliyesifiwa kwa kutibu bila kupokea malipo. Kisa chake kimo katika mkusanyo wa habari za watawa wa monasteri hiyo, na ingawa kiliandikwa ili kumtukuza mtakatifu, mwanahistoria wa tiba hukisoma kwa faida kubwa. Agapit huwapa wagonjwa majani yaleyale anayoyachemsha kwa chakula chake mwenyewe. Mpinzani wake ni tabibu Mwarmenia aliyekuwa mjini, bingwa wa kutambua ugonjwa kwa kumtazama mgonjwa tu na kutaja siku atakayokufa. Mtawala mwingine, Vladimir Monomakh, alipougua mjini Chernigov na kumwita Agapit, mtawa alikataa kutoka nje ya monasteri, akapeleka dawa, na mtawala akapona. Mwishoni Mwarmenia anakuja kumpima Agapit kwa maswali, jani gani hutibu ugonjwa gani, kisha anashika mmea mmoja aliouona pale na kusema kwamba huo si wa nchi hii, bila shaka umeletwa kutoka Alexandria. Yote yanayohusu miujiza tuyaache kwa waumini. Kinachobaki ni picha ya mji wa karne ya 11 wenye tabibu mgeni mwenye elimu ya vitabu na mtawa mwenye majani ya jikoni, na dhana iliyokuwa imeenea kwamba dawa yenye nguvu lazima iwe imesafiri kutoka mbali. Dhana hiyo, nadhani, ndiyo mzazi wa kauli uliyofundishwa darasani.

Sasa tuangalie huko mbali kulikuwa na nini. Shina la elimu ya kitabuni ya mitishamba, kwa Ulaya yote, ni kazi ya mtu mmoja aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1: Pedanius Dioscorides, mzaliwa wa Anazarbus, kusini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki. Vitabu vyake vitano vinaeleza mimea ipatayo 600, pamoja na dawa zitokazo kwa wanyama na madini. Kwa kila mmea anataja umbo lake, mahali unapoota, jinsi ya kuutayarisha, ugonjwa unaoufaa, na mara nyingi jinsi wafanyabiashara wanavyoughushi na namna ya kuwagundua. Humo utakuta ubani, manemane na shubiri, bidhaa zilizopita Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Nadharia ya kwa nini dawa inafanya kazi ilitoka zaidi kwa tabibu Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na kufanya kazi Roma: mwili una damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, kila kimoja kikiwa na kiwango chake cha joto au baridi, unyevu au ukavu, na ugonjwa ni kuvurugika kwa uwiano huo. Wazee wa pwani yetu wanaosema kwamba chakula fulani ni cha baridi na hakimfai mwenye kikohozi wanazungumza mafundisho hayohayo, yaliyofika Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa njia ya tiba ya Kiarabu.

Njia ya Waarabu inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu vitabu vingi vya Ulaya huiruka. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Istifan ibn Basil alimtafsiri Dioscorides kwa Kiarabu, na Hunayn ibn Ishaq akaipitia tafsiri hiyo. Mimea ambayo Istifan hakuijua kwa Kiarabu aliiacha na majina yake ya Kigiriki, akitumaini kwamba Mungu angemleta baadaye mtu wa kuitambua. Karne iliyofuata mfalme wa Byzantium, dola iliyotawaliwa kutoka Constantinople, alimpelekea mtawala wa Cordoba, Abd al-Rahman III, nakala ya Kigiriki yenye picha. Hakukuwa na mtu Cordoba aliyeweza kuisoma, hata mwaka 951 akapelekwa mtawa aliyeitwa Nicolas, akakaa na matabibu wa mji, miongoni mwao Hasdai ibn Shaprut aliyekuwa Myahudi, wakaupitia mmea mmoja baada ya mwingine na kuulinganisha na ile iliyoota katika ardhi ya Hispania. Mkristo, Myahudi na Waislamu wameketi pamoja, kitabu mbele yao, wakiulizana: huu unaoitwa hivi hapa ndio upi kule nje? Kwangu mimi hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi kazi halisi ya elimu ya mitishamba. Kitabu pekee hakimponyi mtu mpaka awepo anayejua jina lililoandikwa linahusu mmea gani uliosimama shambani, na mtu huyo mara nyingi hakuwa msomi.

Kutoka Kiarabu elimu hiyo iliingia Kilatini kwa milango miwili mikubwa. Katika karne ya 11 Constantine, aliyeitwa Mwafrika kwa sababu alitoka Afrika ya Kaskazini, alitafsiri vitabu vya tiba akiwa mtawa wa Monte Cassino, na vikatumika katika shule ya matabibu ya Salerno iliyokuwa karibu. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona, akiwa Toledo, alitafsiri Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina, na vyuo vikuu vya Ulaya viliendelea kuifundisha mpaka karne ya 17.

Na watawa je? Mwalimu wako hakukosea kabisa. Monasteri zilikuwa na wajibu wa kutunza wagonjwa, na zilikuwa na bustani. Mchoro maarufu unaohifadhiwa St Gall, Uswisi, uliochorwa katika robo ya kwanza au ya pili ya karne ya 9, unaonyesha ramani ya monasteri nzima, na pembeni mwa nyumba ya matabibu kuna bustani ndogo yenye matuta 16, kila tuta limeandikwa mmea wake: waridi, yungiyungi, mnanaa, shamari na mingineyo. Walahfrid Strabo, abati (mkuu wa watawa) wa Reichenau aliyefariki mwaka 849, alitunga shairi zima juu ya bustani ya namna hiyo, na ndani yake kuna mtu aliyeng'oa magugu kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kulima mmea na kunakili kitabu si sawa na kuvumbua dawa. Watawa walihifadhi, na kwa hilo wanastahili heshima kubwa. Hata hivyo, walipanda kilichokuwa kikijulikana tayari, ama kwa Dioscorides, ama kwa majirani zao nje ya ukuta. Hildegard wa Bingen (1098–1179), mtawa wa kike aliyeandika kwa Kilatini juu ya mimea, aliiachia mimea mingi majina yake ya Kijerumani, jambo linaloashiria kwamba aliijua kwa kusikia watu wakiitaja kabla ya kuisoma popote.

Nikuonyeshe dawa moja kwa karibu, kwa kuwa wewe ni wa famasia. Katika Uingereza ya karne ya 10 kulinakiliwa kitabu cha tiba kwa Kiingereza cha kale, kinachojulikana kwa jina la mwenyewe, Bald. Humo kuna dawa ya chunusi ya ukope: chukua vitunguu saumu na aina nyingine ya kitunguu kwa vipimo sawa, vitwange pamoja vizuri, changanya na divai na nyongo ya ng'ombe, weka katika chombo cha shaba nyeupe, acha siku tisa, chuja kwa kitambaa, kisha paka jichoni kwa unyoya wakati wa kulala. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliitengeneza dawa hiyo kwa kufuata maelekezo na kuijaribu dhidi ya Staphylococcus aureus sugu, yule bakteria anayetusumbua katika wodi zetu, ikaua wengi sana. Kilichowashangaza ni kwamba kiungo kimoja kimoja hakikufanya kazi hiyo. Ilibidi viwe pamoja na zile siku tisa ziheshimiwe. Usichukue mfano huu kuwa ushahidi wa vitabu vya kale vyote. Ukurasa mwingine wa kitabu kama hicho utakupa hirizi, au dawa ambayo leo ungeizuia isivuke kaunta yako. Ninachotaka uone ni kwamba maelekezo ya siku tisa hayakutokana na nadharia ya vile vimiminika vinne vya mwili. Yanaonekana kuwa matunda ya watu waliojaribu, wakatazama, wakajaribu tena.

Shida kubwa ya Ulaya ya kaskazini ilikuwa kwamba Dioscorides aliandika juu ya mimea ya Mediterania, na wasomi wa kaskazini kwa karne nyingi walijitahidi kuilazimisha mimea ya kwao iingie katika majina yake. Uchapaji ndio ulioifichua aibu hiyo. Mwaka 1530, mjini Strasbourg, Otto Brunfels alianza kuchapisha kitabu cha mimea ambacho picha zake zilichorwa na Hans Weiditz kwa kutazama mimea yenyewe, hata jani lililonyauka na lililoliwa na wadudu akalichora lilivyo. Weiditz aliuchora ua mmoja wa kawaida wa mashamba ya Ujerumani, ule ambao sasa sayansi inauita Pulsatilla. Brunfels akasita kuuingiza, kwa sababu haukuwa na jina la Kilatini wala haukuwa katika maduka ya dawa, akauita mmea mtupu, ulio uchi. Mwanamke wa kijijini aliyeuchuma alikuwa na jina lake. Miaka michache baadaye, 1542, Leonhart Fuchs alitoa kitabu kilichopanga mimea ya Ujerumani na ya kigeni pamoja, na katika muongo huohuo Pisa na Padova zikaanzisha bustani za chuo kikuu ambamo mwanafunzi alilazimika kuugusa mmea aliousoma.

Turudi Urusi, ambako nadharia ya Galen ilikuwa imekwisha kuingia kimyakimya kwa njia ya Byzantium. Kirill, mwanzilishi wa monasteri ya Beloozero aliyefariki mwaka 1427, aliacha kati ya miswada yake maandishi mafupi yenye jina la Galen na la Hippocrates, tabibu wa Kigiriki wa kale, yanayoeleza vile vimiminika vinne vya mwili na majira ya mwaka. Lakini matabibu wenye shahada walianza kuonekana Moscow mwishoni mwa karne ya 15, na mwanzo wao ulikuwa wa kutisha. Katika miaka ya 1480 tabibu Mjerumani aliyeitwa Anton alimtibu mkuu mmoja wa Kitatari aliyekuwa chini ya Ivan III, mtawala wa Moscow, mgonjwa akafa, na Anton akakabidhiwa kwa jamaa za marehemu, wakamchinja chini ya daraja la Mto Moskva. Mwaka 1490 tabibu Leon, Myahudi kutoka Venice, alijitolea kumtibu mrithi wa kiti, Ivan Kijana, aliyekuwa na maradhi ya miguu, akaweka dhamana ya kichwa chake mwenyewe. Alimnywesha dawa za majani na kumwekea mwilini chupa zenye maji ya moto. Mgonjwa alifariki mwezi Machi. Siku 40 za matanga zilipokwisha, Leon akakatwa kichwa hadharani. Sioni ajabu kwamba elimu ya kitabuni ilisita kuhamia huko.

Aliyedumu alikuwa Nicolaus Bülow, mzaliwa wa Lübeck, ambaye kabla ya hapo aliwahi kumtumikia Papa huko Roma. Akawa tabibu wa Vasily III, mtawala wa Moscow. Masimulizi ya kifo cha mtawala huyo yameandikwa kwa undani usio wa kawaida, na nayaona kuwa ukurasa muhimu kuliko yote ya historia ya tiba ya Moscow. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1533, Vasily akiwa safarini kuelekea mawindoni, alitokewa na kidonda kidogo chekundu cha zambarau kwenye paja la kushoto, kisicho na kichwa wala usaha. Akaitwa Bülow na mwenzake Theophil. Dawa waliyobandika ilikuwa unga wa ngano uliochanganywa na asali na kitunguu kilichookwa. Jipu likaiva, likatoa usaha kidogo, halafu mwingi, wa kujaza beseni; harufu ikawa kali, nguvu zikaisha. Alipomwuliza Bülow kama upo uwezekano wowote, tabibu alijibu kwamba kama ingewezekana angeutoa mwili wake mwenyewe kwa ajili yake, lakini haoni msaada isipokuwa wa Mungu. Vasily alifariki usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba.

Itazame tena ile dawa: unga, asali, kitunguu. Tabibu aliyesoma Ujerumani na kufanya kazi Roma, mbele ya mgonjwa mkubwa kuliko wote nchini, alitumia kitu ambacho mwanamke yeyote wa kijiji cha Kirusi angeweza kukitoa jikoni mwake bila kumwuliza mtu. Bülow hakuwa mzembe. Dawa hiyo ilikuwa ya busara kwa jipu, na asali kwa hakika huzuia vijidudu. Lakini mtu akikwambia kwamba wageni walileta tiba mahali pasipokuwa na tiba, mwulize walibandika nini kwenye paja la Vasily.

Walicholeta wageni ni kitabu, na hapa nalijibu lile swali lako la mwisho. Mwaka 1485, mjini Mainz, kulichapishwa kwa Kijerumani kitabu kikubwa cha mitishamba kilichokusanya mafundisho ya Dioscorides, Galen, Ibn Sina na wengine. Mwaka 1492 kilitolewa Lübeck kwa Kijerumani cha kaskazini. Mwaka 1534, mwaka mmoja baada ya kifo cha Vasily, Bülow alikitafsiri chapa hicho cha mji wake wa kuzaliwa kwa Kirusi, kwa agizo la askofu mkuu Daniil. Warusi wakakiita Vertograd, yaani bustani. Hesabu safari yenyewe: Kigiriki cha Dioscorides, Kiarabu cha Baghdad, Kilatini cha Salerno na Toledo, Kijerumani cha Mainz, lahaja ya Lübeck, kisha Kirusi cha Moscow. Kyiv na Novgorod zilikuwa na mawasiliano ya moja kwa moja na Constantinople kwa karne tano, lakini Dioscorides alifika Moscow kwa kuzungukia Iraq, Hispania na Ujerumani.

Tafsiri hiyo haikuchapishwa zama hizo. Ilienea kwa kunakiliwa kwa mkono, na wanakili hawakuwa mashine. Mmea usiojulikana Urusi uliachwa na jina lake la kigeni lililoandikwa kwa herufi za Kirusi, kama Istifan alivyofanya Baghdad; na kandokando, au mwishoni mwa kitabu, wenye nakala waliongeza dawa zao za nyumbani. Hivyo katika mswada mmoja wa karne ya 17 unaweza kumkuta Galen na jirani wa mwandishi wakipeana nafasi.

Jirani huyo, hata hivyo, alikuwa katika hatari. Wakuu wa Moscow waliogopa mizizi kuliko walivyoogopa mapanga. Boris Godunov alipotawazwa mwaka 1598, kiapo cha utii kiliwataka raia waahidi kutomdhuru yeye na familia yake kwa dawa mbaya na mizizi. Mwaka 1632 mji wa Pskov uliamriwa usinunue hopsi, yale maua yanayotiwa katika pombe, kutoka Lithuania, kwa sababu ilidaiwa kwamba kuna mwanamke huko aliyeyanenea uchawi ili kueneza tauni. Mwaka 1635 mdarizi mmoja wa jumba la malkia aliangusha leso iliyofungwa mzizi. Akahojiwa mbele ya vyombo vya mateso, akaeleza kwamba mumewe ni mkali, na mzizi huo alipewa na mwanamke wa mjini ili umpoze moyo. Wakahamishwa mbali na Moscow. Katika mashtaka ya uchawi ya Urusi, tofauti na sehemu nyingi za Ulaya Magharibi, wengi wa walioshtakiwa walikuwa wanaume, na mara nyingi ushahidi ulikuwa majani makavu na karatasi ya maombi. Elimu kubwa ya mitishamba imepotea kwa namna hiyo, kwa kuwa mwenye nayo alijifunza kunyamaza.

Na bado dola hiyohiyo ilikuwa ikitafuta mizizi kwa magunia. Mwaka 1581 mfamasia Mwingereza James Frencham alifika kwa Ivan IV, na duka la dawa la mtawala likafunguliwa katika ngome ya Kremlin, Moscow. Katika karne ya 17 idara maalumu, iitwayo Aptekarsky prikaz, ilisimamia madaktari, wafamasia, bustani za dawa za Moscow na ukusanyaji wa mimea nchini kote. Wakulima wa baadhi ya wilaya walitozwa beri za juniperi kama kodi, na Siberia iliagizwa kupeleka mmea wa dawa uitwao zveroboi (Hypericum) uliokaushwa. Dawa ya mtawala ilionjwa kwanza na daktari wake. Mwaka 1654, Moscow ikiwa vitani na tauni ikikaribia, idara hiyo ilifungua shule ya kuwafundisha vijana wa Kirusi uganga wa majeruhi, na mwaka 1672 likafunguliwa duka la pili lililouzia wananchi. Peter alizaliwa mwaka huo.

Aliyoyafanya yeye ni makubwa, nami siyapunguzi: maduka ya dawa ya watu binafsi kwa amri ya 1701, bustani ya dawa ya Moscow mwaka 1706, hospitali yenye shule chini ya Mholanzi Nicolaas Bidloo iliyopokea wagonjwa mwaka 1707, bustani ya St Petersburg mwaka 1714. Lakini ipo amri yake nyingine isiyotajwa sana. Mwaka 1718 aliagiza daktari Daniel Gottlieb Messerschmidt, mzaliwa wa Danzig, apelekwe Siberia kutafuta, pamoja na mengine, mimea inayofaa kwa dawa. Messerschmidt alizunguka huko mpaka mwaka 1727, akikusanya mimea na kuandika majina yake katika lugha za wenyeji, kwa kuwa hao ndio waliojua inaota wapi.